Pembe Nilizorudi Kuzing'oa

Juzi mlikuja hapa nyumbani watatu, mmevaa ovaroli safi zisizo na hata doa la lami, mkaniuliza swali moja: "Mzee, kwa boti ya futi ishirini na nne tununue pembe gani?" Nikawajibu, "Nunua kubwa kuliko unavyofikiri, na ufunge kwa bolti." Mkashukuru, mkapanda pikipiki, mkaenda. Mke wangu, ambaye alikuwa mwalimu na mpaka leo husahihisha kila mtu, akanitazama kwa jicho la ubaoni. "Ndio hayo tu? Umezeekea kwenye boti, na watoto wa watu unawapa maneno manane?"

Alikuwa ameyahesabu, yawa. Basi nimekaa kuandika yaliyobaki. Mtanisamehe kama nitarukaruka, kwa maana kichwa changu hakipangi mambo kwa mwaka, kinapanga kwa makosa.

Kwanza tusemezane lugha moja. Pembe ninayozungumzia ni kile kishikio kidogo kinachofungwa kwenye ukingo wa boti, chenye shina katikati na mikono miwili inayotazama huku na huku kama pembe za ndama. Kamba ya nanga huzungushwa hapo, na ya kuvutia boti nyingine, na ya kufungia ufuoni. Madukani wanaiita kliti. Karakana yetu ya Homa Bay ilisema pembe, na mimi nitasema pembe mpaka nife. Ni kitu kidogo. Mteja anakuja na maneno mengi kuhusu injini, kuhusu rangi, kuhusu jina litakaloandikwa ubavuni, na pembe anaikumbuka mwishoni, "Aa, na weka zile vitu vya kamba." Lakini boti yote, na injini yake, na jina lake zuri, vikipatwa na upepo vinaning'inia kwa ile kitu ya kamba.

Mimi ni mtu wa Suna. Kwetu Migori tulijua maji ya kuchota, hatukujua maji ya kukushika mguu. Nilifundishwa useremala wa vitanda na makabati. Nilipooa msichana wa kando ya ziwa nikahamia huku kufuata kazi, na watu wa kwetu wakasema nimekwenda kuolewa. Niliumia, nisiwadanganye, maana Mjaluo kuhamia kwa wakwe ni kicheko cha kizazi kizima. Lakini kazi ilikuwa huku, na kazi yenyewe ilikuwa boti. Kuogelea sikujua. Mpaka leo sijui, na atakayecheka akumbuke kwamba hakuna boti yangu iliyozama kwa sababu fundi hakujua kupiga mbizi.

Aliyenipokea alikuwa Mzee Obuya, fundi mwenye mdomo mkali kuliko patasi yake. Siku ya kwanza akaniuliza nimetoka kazi gani. Nikasema vitanda. Akacheka mpaka akashika goti. "Kitanda kinalala, omera. Boti hailali. Hata ikifungwa inatikisika tu, na kila mtikisiko unakwenda kwenye ile pembe." Akanipa pembe moja ya mbao na ubao wa ukingo, akaniambia nifunge nionavyo. Nikapiga misumari minne, mizuri, iliyonyooka. Akafunga kamba, akanikalisha chini, miguu nikaikita kwenye ule ubao, akasema vuta. Nikavuta. Pembe ikaruka ikanigonga hapa juu ya jicho, nikaanguka chali mbele ya wanawake waliokuwa wakianika omena, wale dagaa wa ziwani. Wuololo! Kicheko kilichotoka pale bado nakisikia. Mzee Obuya hakucheka safari hiyo. Alisema tu, "Umeelewa? Haya, funga tena."

Kwa hiyo msumari sahau. Msumari unaingia kwa nguvu na unatoka kwa nguvu hiyohiyo. Skrubu ni afadhali, lakini skrubu kwenye ubao laini wa sipresi inachoka, inalegea, na siku moja unaipata kwenye kiganja chako. Funga kwa bolti inayopenya hadi chini. Na huko chini usiache nati iume ubao wenyewe, weka kipande kingine cha mbao ngumu, kipana kuliko pembe, halafu washa pana, kile kisahani cha chuma chenye tundu, halafu nati. Tafuta mahali ambapo ubavu wa boti unapita, siyo pale katikati ya mbavu mbili ambapo ubao unabonyea ukiukanyaga. Toboa kwa keke taratibu. Kabla hujakaza, zungushia bolti pamba iliyochovywa lami, kwa sababu tundu ulilotoboa wewe ndilo maji yatakalolitumia, na mvua ikinyesha mteja atakutaja jina na la mama yako.

Tena usiilaze pembe ikafuata mvuto wa kamba sawasawa. Igeuze kidogo, kama mtu aliyekaa kwenye benchi akamgeukia jirani yake. Hapo kamba inaingia bila kujiuma. Hili nililisikia kwa Mzee Obuya mara nyingi, nikalishika. Kosa langu lilikuja kwingine, kama mtakavyoona.

Kuhusu kuchagua: msiende dukani mkachagua kwa kung'aa. Mimi niliwahi kupenda kung'aa. Kulikuwa na rafiki yangu wa jua kali kule Suna aliyekuwa akiyeyusha sufuria kuukuu na kumimina kwenye mchanga, akitengeneza sufuria mpya. Nikampelekea pembe ya mbao afuate umbo lake. Lo! Zikatoka nyeupe, nyepesi, za kupendeza, nikajiona mtu wa viwanda. Ya kwanza nikaifunga kwenye boti ya mzee mmoja wa kanisa huko Sori. Siku ya kuizindua mchungaji akaombea boti, akaombea nyavu, akaombea mikono ya fundi, na walipoanza kuivuta majini, pembe ikakatika katikati kama biskuti. Mchungaji alikuwa hata hajasema amina. Ndani ya ule mkato nikaona vitundu vitundu, hewa tupu, kama mandazi. Tangu siku hiyo, chuma cha kumimina nakigonga na spana kwanza. Kikilia vizuri, tunaongea. Kikisema "ko", kinarudi kwa mwenyewe.

Mbao ilinipa amani zaidi. Ule mti tunaouita powo, ambao watu hutengenezea mipini ya majembe, hauna haraka ya kupasuka. Chonga ukifuata nyuzi za mti ziende na urefu wa mikono, usizikate. Lainisha mpaka ukipitisha kitambaa hakikwami popote, maana kamba nayo ni kama nguo, ikikwaruzwa kila siku inakufa mapema. Nilizichonga nyingi. Nilipata jina. Boti ikitoka Remba, kile kisiwa ambacho mabati yamesongamana mpaka hujui mlango wa nani ni upi, nahodha alikuwa akisema, "Nataka pembe ya yule Msuna, haing'oki." Nami kichwa kikavimba. Nasema ukweli.

Hapo ndipo shida yangu ilipoanzia.

Wakati naanza, kamba zilikuwa za katani, na nyembamba, za unene wa kidole cha mwisho. Pembe zangu nilizipima kwa kamba hizo, zikawa fupi kidogo, zinatosha. Halafu nailoni ikaja. Watu wakainunua nene, kwa kuwa nene inaonekana na nguvu, na nailoni inateleza kama kambare. Kwenye pembe fupi, kamba nene inazunguka mara moja na nusu tu, nafasi imekwisha, na ikitikiswa inajifungua yenyewe. Manahodha wakaja kulalamika. Sasa fundi mwenye akili angefanya nini? Angechonga pembe ndefu. Lakini mimi nilikuwa na gunia zima la pembe fupi nilizokwisha kuchonga na kulainisha, na sikutaka kuziona zikiwa kuni.

Nikatafuta njia ya mkato. Nikachukua mpira wa tyubu ya baiskeli, ule tunaofungia mizigo kila siku, nikaukata vipande virefu. Ukishazungusha kamba kwenye pembe, unaikandamiza juu kwa ule mpira, unazungusha kwa kuvuta, unachomeka ncha chini. Haitelezi tena hata umwite shetani. Nikawafundisha. Nilisimama pale bichi nikiwaonyesha mmoja mmoja, na wakafurahi kweli, kwa sababu nani hana tyubu kuukuu nyumbani? Mzee Obuya wakati huo alikuwa amezeeka, anakuja karakana kuota jua tu. Aliutazama ule mpira kwa muda. "Na mtu akitaka kufungua haraka?" akaniuliza. Nikamjibu kwa kiburi, Mungu anisamehe: "Haraka ya kwenda wapi, mzee? Ziwa halihami."

Ziwa halihami, sawa. Magugu maji yanahama.

Nyinyi mmezaliwa mmeyakuta, kwa hiyo hamyaogopi. Yanakaa siku nyingi upande mmoja wa ghuba, upepo unageuka, na shamba zima la majani linaanza kutembea, na mizizi yake imeshikana chini. Likikuta boti imetia nanga, halizunguki. Linaisukuma.

Kulikuwa na mama mmoja mfanyabiashara wa omena, Mama Akinyi. Alikuwa anaishi Remba, ananunua omena huko, anazipakia magunia kwenye boti ya usafirishaji hadi Homa Bay, anaziuza. Mama wa maneno machache na mikono mikubwa, anayeweza kushona mdomo wa gunia huku anabishana na mnunuzi, na akamshinda. Boti aliyokuwa akipanda ilikuwa ya nahodha anayeitwa Ouma, na pembe ya mbele ilikuwa yangu. Mpira juu yake ulikuwa wangu pia, maana Ouma nilimfundisha kwa mkono wangu huu.

Adhuhuri moja walifika wakakuta ufuo umejaa, wakatia nanga mbali kidogo kungoja zamu. Upepo ukageuka. Magugu yakaja. Ouma alikuwa nyuma anaondoa mizizi iliyojisokota kwenye propela, na yule mama alikuwa mbele kwenye magunia yake. Nilikuwa karakana, nikasikia kelele, nikatoka. Niliona kila kitu nikiwa nchi kavu, mimi nisiyejua kuogelea. Magugu yaliishindilia boti, kamba ya nanga ikakaza, pua ya boti ikaanza kuzama na maji yakaingia kwa mbele. Dawa yake ilikuwa moja tu, kuachia kamba, boti iende na magugu. Mama Akinyi aliiona dawa hiyo kabla ya mtu yeyote. Akarukia pembe.

Mpira ulikuwa umelowa, umebana. Akauvuta kwa kucha, ukakataa. Akauma kwa meno, ukakatika. Chini yake kamba nene ilikuwa imejiuma kwenye ile pembe fupi, mzunguko mmoja umekalia mwingine. Akaingiza vidole kuinyanyua. Boti ikashtuka, kamba ikakaza ghafla, na vidole viwili vya mkono wake wa kulia vikabaki humo ndani.

Ouma alikuja na panga akakata kamba. Boti ikainuka, ikasukumwa pamoja na magugu hadi ikakwama salama kwenye matope. Hakuna aliyekufa. Lakini hospitali hawakuweza kuviokoa vile vidole.

Sasa sikilizeni jambo lililoniumiza kuliko yote. Jioni ile watu walikusanyika kwenye boti, na nini walichokuwa wakikitazama? Pembe. "Angalieni, boti karibu izame na pembe haikung'oka!" Mmoja akanipiga bega: "Fundi, wewe ni moto." Mwenyekiti wa bichi akasema ni ajali, mama alitia mkono mahali pabaya. Na mimi nilisimama pale nikipokea pongezi, mdomo wangu umefungwa, wakati nilijua wazi kwamba aliyeutia mkono ule mahali pabaya ni mimi. Nilijua pia kwamba pembe fupi kama ile, na mpira kama ule, vilikuwa kwenye boti nyingi mno, na kwamba upepo utageuka tena.

Siku tatu sikula vizuri. Nikamwambia mke wangu. Akaniambia, "Mwanafunzi akikosea hesabu anafuta. Na wewe nenda ukafute." Nikanunua sukari na majani ya chai, nikaenda kwa dada yake Mama Akinyi mjini, ambako alikuwa akiuguza mkono. Nikakaa kwenye kiti, nikatazama sakafu, nikasema yote. Nikasema pembe ilikuwa fupi na nilijua ni fupi. Nikasema mpira ulikuwa uvivu wangu. Nikangoja anitukane, na nilitaka anitukane.

Akanimiminia chai kwa mkono wa kushoto. Halafu akaniuliza, "Ziko ngapi?"

"Boti?"

"Si nauliza mbuzi, Fundi. Ziko ngapi zenye hiyo pembe yako?"

Nikamwambia sijui hesabu kamili, Homa Bay yote, Sori, na Remba ndiyo zaidi.

"Na umekaa hapa unanywa chai yangu."

Sukari aliipokea, lakini. Ndivyo alivyo.

Nikarudi karakana nikaanza upya. Nilichukua kamba nene ile wanayoitumia watu kweli, siyo ile niliyoitamani mimi, nikapima. Kwa kamba ya unene wa kidole cha mwisho, pembe iwe shibiri moja. Ikiwa nene zaidi, kama ile nailoni, ongeza. Shina liwe juu kiasi cha kamba kupita chini ya mikono mara mbili bila kusongamana. Hapa naomba mnisikie kwa masikio yote mawili: zungusha shina mzunguko mmoja kamili, halafu piga nane, yaani pitisha kamba mkono huu hadi ule kwa kukingamana, mara mbili au tatu, basi. Usiongeze fundo la woga juu yake. Usiongeze mpira. Kama inateleza, pembe ni ndogo, na dawa ya pembe ndogo ni pembe kubwa.

Nilipomaliza ya kwanza nikaipima mwenyewe, nikaiona nzuri. Lakini mikono yangu ni ya fundi, ina vidole kumi na ugumu wa miaka. Nikamwita Mama Akinyi. Bandeji ilikuwa imetoka, ngozi bado nyekundu. Nilifunga kamba, nikawaweka vijana wanne wavute kwa nguvu, nikamwambia, "Jaribu kuachia. Kwa huo mkono." Akaniangalia kana kwamba nimemtukana. Akajaribu. Akashindwa. Akatoka nje, nikamwona amegeukia ukuta, mabega yanatikisika. Na mimi nililia, siwafichi, nililia juu ya meza ya randa.

Alirudi akasema, "Hapa chini panakwaruza. Na hizi ncha zimenyanyuka sana, zinakamata." Alikuwa sahihi. Nikachonga nyingine. Hiyo pia akaikataa. Ya tatu akaifungua, polepole, vijana wakaanguka chali wote wanne, na yeye akacheka kwa mara ya kwanza tangu ajali. Mzee Obuya, aliyekuwa kwenye jua lake, akasema, "Sasa hiyo ni pembe." Kwa miaka yote niliyofanya naye kazi, hiyo ndiyo sifa pekee aliyonipa, na tena nadhani alikuwa akimsifu mama.

Remba ilikuwa ngumu. Nilitaka kwenda peke yangu na gunia la pembe na spana. Mama Akinyi akasema hawatakusikia, watasema fundi anatafuta kazi. Twende wote. Tukaenda na Ouma. Na kweli, nilipoanza kusema pale bichi kwamba pembe zangu ni mbaya, watu walidhani nimelewa. "Pembe zako hazing'oki, Msuna!" Ndiyo, nikasema, hilo ndilo tatizo, na wakazidi kucheka. Nahodha mmoja mwenye kifua kama mlango, jina lake Okello, akasema boti yake haifunguliwi spana na mtu anayejikosoa mwenyewe.

Mama Akinyi akasogea mbele. Mwenyekiti wa pale, mzee wa kushika desturi, akanyanyua mkono. "Mama, unajua mwanamke hapandi boti ya uvuvi."

"Nani anapanda, baba? Mimi nipo mchangani. Hao ndio waje mchangani."

Tulikuwa tumebeba gogo lenye pembe mbili, ya zamani na mpya. Tukalizika kwenye mchanga likashikiliwa na mawe. Nikafunga kamba kwenye ya zamani, mpira juu, kama nilivyowafundisha mwenyewe, na Ouma akavuta kwa injini kutoka majini. "Haya, Okello," mama akasema, "fungua." Okello akatema mate mikononi, akainama. Akavuta mpira, akauma, akasukuma. Alipotaka kuingiza vidole chini ya kamba, Mama Akinyi akamshika kifundo cha mkono. Akainua tu mkono wake wa kulia, akauweka mbele ya uso wa Okello. Okello akautazama. Akauondoa mkono wake kwenye kamba polepole.

Tukahamishia kamba kwenye pembe mpya, Ouma akavuta tena. Mama Akinyi akapiga magoti. Akatoa nane moja, akatoa ya pili, akabakiza ule mzunguko wa shina, na kamba ikaanza kutoka taratibu kwenye kiganja chake, yeye ndiye anayeamua kasi. Kisha akaachia. Vidole vitatu.

Mwenyekiti ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuliza, "Spana ni namba ngapi?"

Tulikaa Remba wiki nzima. Kila pembe yangu ya zamani niliing'oa kwa mkono wangu, na sikupokea chochote ila chakula, omena na ugali mpaka nikaota magamba. Tukapita Sori, tukarudi Homa Bay. Mipira niliikusanya kwenye kapu. Kuna waliokataa, wapo mpaka leo, sina uwezo wa kumshika kila mtu shati. Lakini wengi walikubali, na walipokubali walikuja wao wenyewe kunitafuta. Mzee Obuya alifariki mwaka huohuo, akiwa amekaa. Mama Akinyi akaendelea na omena zake. Alijifunza kushona magunia kwa mkono wa kushoto, na kubishana hakuhitaji vidole. Na kila pembe iliyotoka karakana yangu tangu hapo mpaka nilipostaafu ilipita kwanza mkononi mwake, alipokuja mjini kuuza. Nyingi alizirudisha. Nyinyi mna kliti za kiwandani zinazotoka kwenye boksi na boti za fiberglass nyepesi kama sahani, na kazi yenu itakuwa bora kuliko yangu, naamini hivyo na ninafurahi. Ila kabla hujamkabidhi mtu boti, mwite mtu dhaifu kuliko wewe, mama, mzee, mgonjwa aliyepona jana, kamba ikiwa imekaza, umwambie aachie. Akishindwa, rudi mezani.

Miezi kadhaa baada ya kutoka Remba, Ouma alinipigia simu. Nilikuwa nakalafati boti, naziba mianya yake, mikono imejaa lami, nikaibana simu kwa bega.

"Fundi, una keke ya kuazima?"

"Ninayo. Ya nini?"

"Nataka kutoboa benchi la nyuma. Nitapita kesho, leo tumechelewa kidogo, magugu yalikuja."

Nikauliza, "Yakawakuta wapi?"

"Palepale, tumetia nanga. Yalikuwa mengi."

"Ikawaje?"

"Ikawaje nini? Tukaachia, yakatusukuma kidogo, yakapita, tukarudi kuchukua nanga. Sasa hiyo keke ni ya mkono au ya umeme?"

Nikamwambia ni ya mkono. Sikumbuki alijibu nini. Nilipomaliza naye nikampigia Mama Akinyi, maana nilijua ni siku yake ya soko na alikuwa kwenye boti ileile. Simu iliita sana kabla hajapokea, na sauti yake ilikuwa nzito.

"Mama Akinyi, uko salama? Nimesikia magugu yamewakuta."

"Magugu?" akasema. "Magugu gani, Fundi? Mimi nilikuwa nimelala juu ya magunia yangu."